Kompyuta Saba Kwenye Rafu

Nyuma ya duka moja la vifaa vya shule mjini Tanga kuna chumba chenye rafu ndefu, na juu yake zimepangwa kompyuta saba ambazo wengine wangekwisha kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Moja bado ina Windows 7. Moja ni ya Apple, betri imekufa, inaishi kwa waya. Moja inaendeshwa kwa Linux. Ya mwisho, iliyo karibu na dirisha, ina kumbukumbu ya gigabaiti mbili tu, na ukiiwasha unaweza kwenda kununua chai ukarudi ukaikuta bado inajikusanya. Mwenye chumba ni mama wa makamo ambaye kazi yake ni kuandaa video za masomo. Mtaani wanamwita fundi, nami nilimwita dada. Nilipomuuliza kwa nini hazitupi mashine hizi, alisema, "Hawa ndio watazamaji wangu, kaka."

Nilimfuata nikiwa na faili moja. Rafiki yangu, mwalimu wa kemia, alikuwa amerekodi kwa simu somo la dakika kumi kuhusu jaribio ambalo wanafunzi wa sekondari hulijua na kuliogopa: kudondosha asidi kutoka kwenye bureti, tone baada ya tone, ndani ya chupa yenye besi, mpaka methili oranji iache unjano wake na kuingia rangi ya chungwa. Likizidi tone moja, kipimo kimeharibika. Kwa kuwa bureti ni ndefu, mwalimu alishika simu wima. Alirekodi vizuri, akaeleza vizuri, na kwenye simu yake somo lilikuwa safi kabisa.

Tulipolipeleka shuleni mambo yalikwenda kombo. Kompyuta ya kwanza ilitoa sauti ya mwalimu huku kioo kikiwa cheusi. Ya pili ililaza picha ubavu, bureti ikawa kama bomba la maji lililotandikwa ukutani na matone yakidondoka kuelekea kulia. Ya tatu, kivinjari kilikataa kufungua chochote. Mimi niliona dawa ni moja: shule ziweke programu mpya. Dada fundi alitikisa kichwa. "Ukimwandikia mtu barua akashindwa kuisoma, humtumi akanunue macho mengine. Unaiandika upya."

Nilikaa naye siku mbili nikimtazama akiiandika upya. Naeleza hapa nilichokiona, maana ni ufundi unaostahili kutazamwa kwa utulivu kama tunavyomtazama seremala anayechonga mlango.

Hakuanza kwa kubadilisha kitu. Alianza kwa kusoma. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika jina la programu ndogo iitwayo ffprobe, akafuatisha jina la faili, na maelezo yakashuka mistari kadhaa. Akachukua daftari la mistari, akanakili kwa kalamu. Watu wengi tukiona mwisho wa jina la faili pameandikwa mp4 tunadhani tumekwisha kuijua faili hiyo. Yeye anasema mp4 ni kasha tu. Muundo wa kasha hilo umetokana na ule wa QuickTime ambao Apple iliutoa mwaka 1991, na ndani yake mtu anaweza kupakia picha zilizobanwa kwa njia mbalimbali, sauti, maandishi, na vikaratasi vya maelekezo. Makasha mawili yenye sura moja yanaweza kubeba shehena tofauti kabisa. Njia ya kubana na kukunjua picha ndiyo huitwa kodeki, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Simu ya mwalimu, kama simu nyingi za siku hizi, ilikuwa imetumia kodeki ya HEVC, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2013. Ni kodeki hodari. Kwa picha ya ubora uleule hutumia data pungufu sana kuliko H.264 iliyoitangulia kwa miaka kumi. Lakini haki zake za kibiashara zilishikwa na vikundi kadhaa, gharama zake hazikueleweka, na vivinjari vikubwa vilikaa miaka mingi bila kuipokea. Kompyuta ya zamani nayo haina sehemu ya kuikunjua ndani ya prosesa yake. Hivyo ile mashine ya kwanza iliitambua sauti, ambayo ilikuwa ya AAC inayojulikana karibu kila mahali, ikashindwa na picha. Ya tatu ilikataa kasha zima. Ya pili iliijua kodeki, ila haikusoma kikaratasi kimoja. Simu huandika picha zikiwa zimelala, kisha hubandika maelekezo kwamba mtazamaji azigeuze nyuzi 90. Ile mashine haikugeuza.

Mashine tatu, magonjwa matatu, na kila moja lina sababu yake. Daftarini aliyaandika katika mistari mitatu tofauti. Nilimwambia kwamba kwangu faili lilicheza vizuri kwenye VLC. Alitabasamu. VLC, alisema, ni mwenyeji mkarimu mno. Humpokea mgeni wa kila namna, hata aliyekuja na nguo zilizochanika. Ndiyo maana haitumii kupimia. Ukipima kwa mkarimu hutajua mgeni wako atapokelewaje na mkali, na kivinjari ni mkali.

Ukali huo una historia. Miaka ya mwanzo ya YouTube, iliyoanza mwaka 2005, video ya mtandaoni ilicheza kupitia Flash, programu ya pembeni ambayo kila mtu alipaswa kuiweka. Mwaka 2007 kampuni ya Opera ilipendekeza kwamba kivinjari chenyewe kijue kucheza video, kama kinavyojua kuonyesha picha. Wazo lilikubalika, kodeki haikukubalika. Firefox ya mwaka 2009 ilicheza Theora kwa sababu ilikuwa huru. Safari ya Apple ilishikilia H.264. Google nayo mwaka 2010 ikaleta WebM. Mtu aliyetaka somo lake lionekane kwa wote alilazimika kutengeneza nakala mbili au tatu za kila video na kukipa kivinjari orodha kichague. Mwishoni mwa mwaka 2013 Cisco ilitangaza kutoa kodeki yake ya H.264 bure na kulipia yenyewe ada za haki, Firefox ikapata njia ya kuitumia, na taratibu pande zote zikawa na lugha moja ya kuelewana. Flash yenyewe ilizikwa mwisho wa mwaka 2020.

Hapo nilielewa kwa nini dada fundi, aliyezifahamu kodeki mpya zote, alirudi kwenye ile ya mwaka 2003. Nilikumbuka habari ya lugha yetu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya pamoja ya nchi za Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Kimvita kilikuwa na ushairi wake mzito, Kiamu kilikuwa na tenzi za karne na karne, na katika kuchagua lahaja moja kuna utajiri uliobaki nje. Lakini mtoto wa Kigoma na mtoto wa Lamu waliweza kufungua kitabu kimoja. H.264 ni Kiswahili sanifu cha video. Kuna lahaja zenye ufasaha zaidi yake. Hakuna inayoeleweka na kompyuta nyingi zaidi.

Sasa tazama ukubwa wa kazi yenyewe. Picha moja ya somo lile ina nukta 1,080 kwa upana na 1,920 kwa urefu, jumla nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti tatu, na picha zikiwa 30 kwa sekunde, dakika kumi zinahitaji takriban gigabaiti 112. Shehena hiyo haiingii kwenye bando la mwalimu yeyote. Video aliyoitoa fundi mwishoni ilitumia wastani wa megabiti moja na nusu kwa sekunde, yaani kama megabaiti 112 kwa somo zima. Ni sehemu moja kati ya elfu. Sehemu 999 zilitupwa, na bado alama za bureti zilisomeka.

Nilimuuliza zilikwenda wapi. Alinionyesha hatua kwa hatua, na nadhani hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Kwanza huondolewa rangi. Jicho la binadamu huona vizuri tofauti ya mwanga na giza, lakini ni zembe katika kupambanua mipaka ya rangi. Kwa hiyo kila nukta hubaki na mwanga wake, ila nukta nne zilizopakana hushirikiana kipimo kimoja cha rangi. Namba kumi na mbili zinakuwa sita. Nusu ya shehena imekwenda kabla ya ujanja wowote, wala mtazamaji hajagundua. Mpango huu, ambao kwenye dirisha jeusi huandikwa yuv420p, ndio ambao vivinjari vyote huupokea. Kamera kubwa hurekodi rangi nyingi zaidi ya hapo, na faili likipelekwa mtandaoni na utajiri wake wote mashine nyingi huonyesha kioo kitupu.

Pili huja hesabu ya Nasir Ahmed. Mhandisi huyu aliyezaliwa India na kufanya kazi Marekani aliomba fedha za utafiti mwaka 1972 ili achunguze namna ya kuivunja picha katika mawimbi ya kosaini. Akanyimwa. Akaendelea nayo hivyo hivyo pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao, na mwezi Januari 1974 matokeo yakachapishwa. Wazo ni hili: kipande kidogo cha picha, badala ya kuelezwa nukta kwa nukta, kielezwe kwa kiasi cha mawimbi mapana na mawimbi membamba yaliyomo ndani yake. Ukuta mweupe nyuma ya bureti una wimbi pana tu. Membamba hayapo, basi hayaandikwi. Picha za JPEG na kodeki nyingi zilizofuata zinaishi juu ya wazo hilo.

Tatu, kila picha hulinganishwa na jirani zake. Bureti haitembei, meza haitembei, ukuta hautembei. Kwa nini uviandike mara 30 kila sekunde? Kodeki huandika picha moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika mabadiliko peke yake: tone limeshuka hapa, mkono umesogea pale. Dada fundi alinionyesha dakika ya tatu, ambapo mwalimu alishika simu kwa mkono mmoja ili afungue bomba la bureti kwa mwingine. Picha ilitikisika kidogo, nami sikuona neno. Yeye aliona mstari wa matumizi ya data ukipanda. "Mtikisiko ni ghali," alisema. "Mwambie mwalimu safari ijayo aegemeze simu kwenye vitabu."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitarajia. Viwango vya zamani, MPEG-1 na MPEG-2, vilifanya hesabu hizi za kosaini kwa desimali, na kila mtengenezaji wa mashine aliruhusiwa kukadiria ndani ya mipaka fulani. Mashine moja ilikadiria juu kidogo, nyingine chini kidogo. Tofauti haionekani katika picha moja. Lakini kwa kuwa kila picha hujengwa juu ya iliyotangulia, makosa madogo hurundikana mpaka ifike picha nyingine kamili ya kuyafuta. Waliounda H.264 waliamua kwamba hesabu itumie namba kamili peke yake: kujumlisha, kutoa, na kusogeza biti. Hakuna kukadiria. Kompyuta ya Windows, ya Apple, simu ya mkononi na runinga, zote zikikunjua faili moja lazima zipate namba zilezile mpaka tarakimu ya mwisho. Nilishusha pumzi niliposikia hayo. Katika dunia ambayo mashine hazielewani kwa mengi, kuna watu waliokaa mezani wakahakikisha kwamba katika hili hazitatofautiana hata kwa chembe.

Chombo alichotumia kwa kazi yote ni FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard na kuendelezwa tangu hapo na watu wengi, wengi wao kwa kujitolea. Haina vitufe wala picha. Unaandika amri, inafanya. Huduma nyingi za video duniani zinaitegemea ndani kwa ndani. Kubana kwa H.264 hufanywa na x264, kazi ya jumuiya ya VideoLAN, ileile iliyotoa VLC. Jumuiya hiyo ilizaliwa kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, waliotaka kutazama video kupitia mtandao wa chuo chao, na mwaka 2001 kazi yao ikatolewa huru kwa kila mtu.

Mafundi hawa wa mbali wana rafu zao kama ya dada fundi. FFmpeg ina mfumo wa majaribio uitwao FATE. Watu walioko sehemu mbalimbali huziacha mashine zao, za prosesa na mifumo ya kila namna, zikifanya majaribio yaleyale kwa maelfu na kupeleka matokeo mahali pamoja. Mtu akirekebisha mstari mmoja wa programu na kompyuta fulani ya aina adimu ikatoa jibu tofauti, inajulikana. VideoLAN nao walipotengeneza dav1d mwaka 2018, programu ya kukunjua kodeki mpya ya AV1, waliandika sehemu kubwa kwa lugha ya chini kabisa ya prosesa, amri kwa amri, kwa mkono, ili hata kompyuta isiyo na kifaa maalumu iweze kucheza bila kukwama. Walitarajia kwamba mwenye mashine ya zamani angebaki nyuma, wakaenda kumchukua.

Turudi Tanga. Siku ya pili dada fundi alianza kuandika amri yake, na kila neno la amri hiyo lilijibu tatizo fulani.

Aliigeuza picha yenyewe iwe wima, ili pasiwe na kikaratasi cha maelekezo cha kusahauliwa. Simu hupunguza au huongeza kasi ya kuchukua picha kulingana na mwanga, na baadhi ya mashine zikikutana na kasi isiyotulia sauti huanza kuachana na midomo; basi aliilazimisha kasi iwe 30 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho. Kuhusu ukubwa, alifanya hesabu pembeni ya daftari ambayo niliinakili. H.264 hugawa picha katika miraba ya nukta 16 kwa 16. Picha hii ina miraba 68 kwa 120, yaani 8,160. Kiwango cha 4.0, ambacho mashine nyingi za zamani zinakimudu, kinaruhusu miraba 8,192 kwa picha na 245,760 kwa sekunde. Somo letu lilihitaji 244,800. Lilipita likigusa kizingiti. "Lingekuwa picha 31 kwa sekunde," alisema, "tungebaki nje."

Rangi zilimchukua saa nzima. Simu ilikuwa imerekodi kwa mfumo mpya wa mwanga mpana, biti 10 kwa kila kipimo, na ukizikata ziwe nane bila uangalifu picha hupauka kama nguo iliyosahaulika juani. Alizishusha taratibu, akilinganisha chupa ya kemia na kipande cha karatasi ya rangi ya chungwa alichokibandika ukutani. Halafu akaandika ndani ya faili alama inayotaja kanuni ya rangi iliyotumika. Kuna kanuni ya mwaka 1982 iliyotungwa kwa ajili ya runinga za zamani, na kuna ya mwaka 1990 kwa picha kubwa. Faili lisipotaja, mchezaji hubahatisha, na mara nyingi hubahatisha kwa kutazama ukubwa wa picha. Nakala kubwa na nakala ndogo za somo moja zinaweza kutoa chungwa mbili tofauti. Kwenye wimbo wa harusi pengine si neno. Kwenye somo ambalo jibu lake lote ni wakati njano inapogeuka chungwa, ni makosa makubwa.

Halafu zikaja picha kamili. x264 ikiachiwa ifanye itakavyo inaweza kukaa picha 250 kabla ya kuandika nyingine kamili, zaidi ya sekunde nane kwa kasi hii. Inaokoa data. Lakini mwanafunzi hatalitazama somo hili mara moja. Atarudi kwenye tone la mwisho mara tano, mara kumi, na kila akirudi mashine lazima itafute picha kamili iliyo nyuma ya hapo, kisha ikunjue mbele mpaka ifike. Kwa kompyuta dhaifu huo ni usumbufu unaoonekana. Dada fundi aliweka picha kamili kila baada ya sekunde mbili. Faili likanenepa kidogo. Aliukubali unene huo kwa ajili ya mwanafunzi anayerudia.

Mwisho wa amri aliandika neno faststart. Ndani ya kasha la mp4 kuna faharasa inayosema kila picha iko wapi, na chombo kinachoandika faili huiweka mwishoni, maana hakiwezi kujua urefu wa shehena kabla ya kumaliza kuipakia. Mtandaoni hiyo ni shida. Seva isipojua kutoa vipande, kivinjari hupakua faili zima kabla ya kuonyesha picha ya kwanza, na mtu mwenye intaneti ya kusuasua hukaa akitazama kile kiduara kinachozunguka. Neno lile moja huihamisha faharasa na kuiweka mbele, kama yaliyomo kwenye kurasa za mwanzo za kitabu. Haligusi nukta hata moja ya picha. Mwanafunzi anabonyeza, somo linaanza.

Hakuridhika na nakala moja. Alitengeneza tatu, ya mwisho ikiwa ndogo ya megabaiti 30 hivi kwa ajili ya simu na siku ambazo mtandao ni mzito. Kila nakala aliikata vipande vya sekunde sita, kwa utaratibu ambao Apple iliuanzisha mwaka 2009 na ambao sasa unatumika kila mahali. Kivinjari huchukua kipande kimoja kimoja, na mtandao ukilegea hushuka kwenye nakala ndogo bila kusimama. Hapo ndipo nilipoona zile sekunde mbili zina kazi ya pili. Sita hugawanyika kwa mbili. Kila kipande kinaanza na picha kamili, na nakala zote tatu zimekatwa mahali pamoja, kwa hiyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni kama kuvuka barabara kwenye kivuko. Alikuwa ameliwaza hilo tangu asubuhi.

Jioni ilipofika nilidhani tumemaliza. Ndipo alipoanza kuwasha mashine za rafuni.

Daftari lake lina jedwali. Upande wa kushoto mashine saba. Juu, maswali matano. Inaanza bila kusubiri? Sauti na midomo vinakwenda pamoja? Ukiruka hadi dakika ya saba, picha inakuja? Chungwa ni chungwa? Inafika mwisho? Alikwenda mashine kwa mashine akiweka vema. Kwenye ile ya Apple alisimama. Chungwa ilikuwa imeelemea wekundu kidogo, kidogo kiasi kwamba mimi nisingeliona. Alirudi, akasoma amri yake upya, akagundua kwamba nakala ya kati aliisahau alama ya rangi. Akaitengeneza upya, akaanza tena kupima kutoka mashine ya kwanza. Si kutoka pale alipokwama. Kutoka ya kwanza.

Nilimwambia, "Dada, zile tatu zilikwisha kupita."

"Zilipita na faili jingine," alisema.

Giza lilikuwa limeingia alipofika kwenye ile ya dirishani, ya gigabaiti mbili. Alibonyeza, somo likaanza. Aliruka hadi dakika ya saba, picha ikaja. Kwa swali la mwisho hakuruka. Alivuta kigoda, akakaa, akalitazama somo zima tangu mwanzo, dakika kumi, kwenye kioo chenye mchirizi, huku feni ya mashine ile ikivuma. Mimi nami nikakaa. Dakika ya tisa mwalimu alifungua bomba kidogo, tone likaning'inia kwenye ncha ya bureti, likaachia, na ndani ya chupa njano ikageuka. Dada fundi aliinama karibu na kioo, akatazama, akairudisha nyuma sekunde nne, akatazama tena. Kisha akaliacha somo liende mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaweka vema la thelathini na tano.